Makumbusho kwanza, shimini baadaye

SWALI: Tuna watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 13. Likizo ya mwaka jana tuliwazungusha mjini Lubumbashi sehemu saba kwa siku moja. Ilipofika mchana mdogo analia, na mkubwa hakukumbuka kitu. Safari hii tupange namna gani? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama, saba ni nyingi mno. Chagueni tatu, na siku nzima ifungwe kwa kamba moja: shaba.

Anzieni Makumbusho ya Taifa asubuhi, miguu ikiwa bado na nguvu. Siku mbili kabla, mtu apite kuuliza saa za kufungua, bei ya watoto, na kama picha zinaruhusiwa. Mkifika, mwambieni anayewaongoza kwamba mna dakika 45 tu, asije akawaanzishia historia ya dunia.

Nendeni moja kwa moja kwenye misalaba ya shaba. Watoto huipita mbio kwa sababu inafanana na vyuma vikuukuu. Hapo ndipo pa kusimama. Waelezeni kazi yenyewe: jiwe la kijani la malakiti, lenye shaba ndani, tanuru la udongo wa kichuguu, mkaa wa miti, na watu wakivuta mivuo bila kupumzika, maana shaba haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 1,085. Kisha inamiminwa katika kalibu. Kazi ilifanywa kiangazi, baada ya kuvuna mtama: mvua ni adui wa tanuru, na wakati huo mikono haina shamba.

Wa miaka 9 mpeni kazi ya kulinganisha ukubwa wa misalaba. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, misalaba ya zama za baadaye ni midogo, inalingana, na mingine ilikutwa mkononi au kiunoni mwa marehemu. Ndiyo sababu wanaakiolojia wanaihesabu kuwa pesa. Mtoto anayejua kutumwa sukari dukani ataelewa hilo upesi kuliko sisi.

Kosa la wazazi wengi ni kusoma kila karatasi ya maelezo kwa sauti, tena kwa Kifaransa. Vitu vitano vinatosha.

Kituo cha pili ni cha kupumzisha miguu: kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo. Dakika 20, si zaidi. Ketini kivulini, mle: mikate, mayai ya kuchemsha, ndizi. Kwa watu watano bebeni maji lita 5. Asubuhi za mwezi wa saba ni baridi, mchana jua linachoma, kwa hiyo sweta iwe ya kuvuliwa.

Mwisho, shimini, yaani bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba, na mlima mweusi ulio kando yake. Tazameni kutoka mbali: ni eneo la kazi, si la kupandwa. Wa miaka 13 aelezwe kwamba reli kutoka kusini ilifika 1910, tanuru la kwanza la Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, likawashwa 1911, na mlima ule ni mabaki ya kuyeyusha yaliyomwagwa miaka na miaka. Ndani yake mna madini ya kobalti bado, ndiyo maana watu wamerudi kuuchakata. Muulizeni: tanuru la kichuguu lilibakiza mlima wa namna gani? Mwacheni afikiri kwenye taksi.

Majengo ya serikali na askari msipige picha bila kuomba. Simu inaweza kuchukuliwa, na siku ikaishia hapo.

SWALI: Tuongeze Shilatembo siku hiyohiyo? (Baba wa Kamalondo)

JIBU: Hapana, Baba. Ni kama kilometa 50 nje ya mji, upande wa barabara ya Likasi. Hapo ndipo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipouawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Panahitaji siku yake na gari la uhakika. Wa miaka 6 abaki kwa bibi. Wa miaka 13 aende, lakini kisa asimuliwe nyumbani kabla ya safari, asikisikie kwa mara ya kwanza pale pale.