Nina uzoefu wa miaka mingi, ila sijawahi kuchangia mradi wa programu huria. Nianzie wapi?

SWALI: Naandika programu kwa mwaka wa kumi na tatu sasa, zaidi kwa Python na kidogo kwa C. Muda wote huo nimekuwa ndani ya kampuni, mara nyingi mfumo mzima nikiwa nao peke yangu. Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, naitumia, lakini kwa kuhifadhi kazi yangu tu. Sijawahi kuandika msimbo ambao mtu nisiyemjua ataupitia mstari kwa mstari. Nataka kujitolea kwenye mradi wa programu huria. Nimefungua kurasa za miradi kadhaa nikazifunga, kwa sababu sioni pa kuingilia bila kuwasumbua wenyewe. Nichague mradi gani, nitume nini kwanza, na mwajiri wangu anahusika vipi? Nafasi niliyo nayo ni Jumamosi jioni tu.

JIBU: Ndugu msomaji, karibu sana. Nakujibu nikiwa miongoni mwa wanaopokea viraka, yaani mabadiliko ya msimbo yanayotumwa na wachangiaji, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba miradi hii haina uhaba wa msimbo. Uhaba ni wa saa za mtu anayekaa chini kusoma msimbo wa mwenzake, akauelewa, kisha akakubali kuulea miaka mitano ijayo, wakati aliyeuandika ameshaenda zake. Kila utakachotuma kinakula saa hizo. Basi kabla ya kutuma chochote, jiulize kama kinampunguzia mtunzaji, yaani msimamizi wa mradi, mzigo au kinamwongezea. Maswali yako karibu yote yanajibika hapo.

Mradi wa kuchagua ni ule unaoutumia tayari. Tazama programu zako za kazini zinategemea maktaba zipi, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa na wengine. Kwa mtu wa Python orodha hiyo huwa ndefu kuliko alivyodhani. Mradi unaoutumia unaujua unavyotakiwa kufanya kazi, na unajua pale unapokera. Ukiingia kwenye mradi mkubwa kwa ajili ya jina lake tu, utaishia kutafuta kasoro ili upate cha kurekebisha, na watunzaji hulitambua hilo mapema.

Ukishapata miradi miwili au mitatu, msimbo usubiri. Soma kwanza maombi ya kuunganisha (pull requests), yaani mabadiliko yaliyopelekwa ili yaingizwe kwenye mradi, yaliyofungwa miezi ya karibuni, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa pia. Mtu asiyejulikana anajibiwa? Akikataliwa, anaelezwa sababu? Wanaounganisha ni wangapi, au yupo mmoja tu? Mradi wenye mtunzaji mmoja haukosi sifa kwa hilo, lakini ujue hali ya mwenyeji wako kabla hujabisha hodi.

Kisa cha xz kinaeleza hili vizuri. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu hiyo ya kubana data, inayotumika sana kwenye mifumo ya Linux, yamepachikwa mlango wa siri. Aliyehusika alijiita Jia Tan. Alichangia kwa subira zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa madaraka ya utunzaji, huku majina mengine yakimlalamikia mtunzaji wa awali, aliyekuwa karibu peke yake na mwenye kuchoka, kwamba anachelewesha mambo. Aliyeubaini mlango huo ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Tangu hapo mgeni anayekuja na bidii nyingi na haraka nyingi anaangaliwa mara mbili, na ni haki. Usidhani unadharauliwa. Na usimwandikie mtunzaji kwa lugha ya kumsukuma. Kiraka kikikaa wiki mbili bila jibu, kumbusha mara moja kwa adabu, uulize kama kuna unachoweza kukirahisisha, kisha shika kazi nyingine.

Sasa cha kutuma kwanza. Ushauri wangu ni uanze na taarifa ya hitilafu iliyoletwa na mtu mwingine na ambayo hakuna aliyeithibitisha. Miradi mingi inazo tele, zimelala kwa kukosa mtu wa kuzijaribu. Uzoefu wako unafaa hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kusaka chanzo cha hitilafu ni ujuzi unaokuja kwa miaka.

Tuseme umechagua maktaba inayosoma faili za CSV, yaani majedwali yaliyohifadhiwa kama maandishi matupu. Mtu ameandika: «Safu ya kwanza haipatikani, ingawa kwenye faili ipo.» Wawili wamemjibu kwamba kwao inafanya kazi, na mazungumzo yakafia hapo. Wewe unamwomba faili ndogo yenye tatizo, unaifungua kwa programu inayoonyesha baiti, na unakuta kabla ya herufi ya kwanza kuna baiti tatu: EF BB BF. Hiyo ni BOM ya UTF-8, alama ya mwanzoni mwa faili inayotambulisha jinsi herufi zake zilivyosimbwa, ambayo Excel huiweka mtu akihifadhi faili kwa muundo wa CSV UTF-8. Maktaba inaichukua alama hiyo kama sehemu ya jina la safu, kwa hiyo safu ambayo kwa macho inaitwa «kiasi», kwa kompyuta ina herufi moja ya ziada isiyoonekana. Unatengeneza faili ya mistari miwili inayoirudia hitilafu kila mara. Kisha kwa git bisect unatafuta kama tatizo lilikuwepo tangu mwanzo au liliingia na badiliko fulani. Amri hiyo huigawa historia katikati kila hatua, hivyo mabadiliko elfu moja yanakwisha kwa majaribio kama kumi. Andika hayo yote chini ya ile taarifa. Umeshachangia, na hujagusa msimbo.

Ukiona hakuna anayeishughulikia, sema kwamba unaichukua, kisha uirekebishe. Kwa Python dawa huwa fupi: kufungua faili kwa utf-8-sig badala ya utf-8. Lakini mtu mzoefu ana jaribu lake hapa. Ndani ya faili hiyo utakutana na funksheni ya mistari mia tatu, vigeu vyenye majina yasiyoeleweka, na namna ya kushughulikia makosa ambayo ofisini kwako usingeipitisha. Mikono itakuwasha. Viache vilivyo. Shughulika na BOM peke yake, ongeza jaribio linaloshindwa bila marekebisho yako na kufaulu yakiwepo, ishia hapo. Kiraka cha mistari kumi na mitano mtunzaji anakisoma akiwa anasubiri kazi nyingine iishe. Cha mistari mia nane kinahitaji siku nzima, na siku hiyo hana. Tena mengi ya hayo yanayokukera yana sababu zake. Kabla ya kuuita mstari wowote wa ovyo, tumia git log -S uone uliingia lini na kwa nini. Mara nyingi utakuta sharti lile la ajabu liliwekwa kwa ajili ya mfumo wa zamani ambao bado una watumiaji.

Kitu ambacho mtu aliyefanya kazi peke yake hukipuuza zaidi ni ujumbe wa komiti, maelezo yanayoambatana na kila badiliko unalolihifadhi kwenye Git. Ukiwa peke yako, «rekebisha csv» inatosha, kwa sababu mengine unayakumbuka. Hapa msomaji ni mtu atakayekuja baada ya miaka sita, usiku, akitafuta kwa nini faili yake haisomeki, na wewe hupatikani. Mwandikie yeye:

Ruka alama ya BOM mwanzoni mwa faili ya CSV

Faili zinazohifadhiwa na Excel kama CSV UTF-8 huanza na baiti EF BB BF. Msomaji alizihesabu kuwa sehemu ya jina la safu ya kwanza, hivyo kuitafuta safu hiyo kwa jina lake kulishindwa. Faili zisizo na alama hiyo zinaendelea kusomwa kama zamani.

Mstari wa kwanza ni mfupi, kama herufi hamsini, kisha mstari mtupu, kisha sababu. Sentensi ya mwisho, inayosema nini hakikubadilika, wengi huisahau, na ndiyo inayomtuliza mpitiaji kuliko zote.

Kuhusu Git usihofu. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kerneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ni chombo cha watu wengi wasiojuana. Utakachoongeza juu ya unachokijua ni kufungua tawi jipya, yaani njia ya kazi iliyo pembeni, kwa kila badiliko, kulisogeza juu ya tawi kuu la mradi kwa git rebase, na kuzikusanya komiti zako za «jaribu tena» ziwe moja kabla ya kutuma. Jizoeze kwenye mradi wa kuchezea mpaka usiogope kuharibu. Mengine yote yamo kwenye faili ya CONTRIBUTING (maelekezo kwa wachangiaji) ya mradi husika, na yanatofautiana sana: kerneli ya Linux bado inapokea viraka kwa barua pepe, na ina programu ndogo, checkpatch.pl na get_maintainer.pl, za kukagua kiraka chako na kukuonyesha umtumie nani.

Kupitiwa hadharani kunataka moyo mara ya kwanza. Jibu kila hoja, hata kwa neno «nimebadilisha». Usipokubaliana, leta kipimo au jaribio linaloonyesha unachokisema. Miaka yako kumi na mitatu usiitaje kwenye mjadala. Mpitiaji hawezi kuiendesha kwenye kompyuta yake akaona matokeo. Ukikataliwa jambo jipya ulilopendekeza, kumbuka kwamba atakayelilea ni yeye. Na usingoje mpaka ukubaliwe ndipo uanze kupitia viraka vya wengine. Endesha msimbo wao, andika ulichojaribu na ulichokiona. Kwa maoni yangu huo ndio mchango wenye thamani kubwa kuliko yote, na wanaoutoa ni wachache.

Utaona kazi zilizotengwa kwa wanaoanza; LibreOffice huziita Easy Hacks, na kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya aina hii, nyingi hubandikwa «good first issue». Chukua moja ili uijue njia, kisha waachie wanafunzi zilizobaki. Wewe nenda kwenye zile zisizopendwa: majaribio yanayoshindwa leo na kufaulu kesho, maonyo ya kikusanyaji (compiler), hitilafu zinazotokea kwenye mfumo mmoja tu.

Kama unatumia akili mnemba kuandika msimbo, angalia kanuni za mradi kwanza. Mradi wa Gentoo, mfumo mmojawapo wa Linux, kwa mfano, ulipiga marufuku michango ya aina hiyo mwaka 2024. Hata panaporuhusiwa, usitume mstari ambao huwezi kuutetea mwenyewe ukiulizwa.

Suala la mwajiri limalize kabla ya kiraka cha kwanza. Soma mkataba wako. Nchi nyingi zina sheria inayompa mwajiri hakimiliki ya kazi uliyoifanya kama sehemu ya ajira yako, na mikataba mingine hudai hata ya nje ya saa za kazi. Omba ruhusa kwa maandishi, ukitaja jina la mradi, leseni yake, na kwamba utatumia kompyuta yako na muda wako. Usinakili msimbo wa kampuni, hata funksheni ndogo uliyoiandika wewe. Miradi inalichukulia jambo hili kwa uzito. Baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 ikidai msimbo wake umeingizwa kwenye Linux, kerneli ilianzisha mwaka 2004 utaratibu wa mstari wa Signed-off-by, ambao kila mchangiaji huuweka chini ya ujumbe wake kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Python yenyewe inakutaka utie saini makubaliano ya uchangiaji. Jina lako likiwa pale, umetoa neno lako, kwa hiyo hakikisha ni la kweli.

Jumamosi jioni zinatosha, ila usizigawe kwa miradi mitatu. Usiahidi tarehe. Ukiwa umechukua kazi na wiki zinapita hujaigusa, andika kwamba umeiachia na uweke wazi ulipofikia, hata kama ni tawi lisilokamilika, ili mwingine aendelee.

Jumamosi ya kwanza kabisa, kabla ya hayo yote, usitafute hitilafu. Pakua mradi, uujenge kwa kufuata maelekezo yao neno kwa neno, endesha majaribio yote, na uandike kila mahali ulipokwama: kifurushi ambacho hakikutajwa, amri iliyobadilika, toleo la Python lisilokubalika tena. Watunzaji hawawezi kuyaona hayo kwa sababu mashine zao zimeshaandaliwa siku nyingi; anayeyaona ni mgeni, na kwa siku chache tu kabla naye hajazoea. Yapeleke kama marekebisho ya maelekezo, na hilo liwe ombi lako la kwanza.