Kadi moja ya Mario Kart DS inatosha watoto wote wa Desemba

Desemba ikikaribia, sisi tunaoishi Moshi mwaka mzima tunaanza kujipanga. Magari ya kutoka Dar, Mwanza na Dodoma yanapanda migombani, na kila gari linashusha watoto. Wapo wa chekechea, wapo wa kidato cha pili, wote wanajazana kwa bibi Kibosho. Mtandao unashika ukiamua, umeme nao vilevile, na simu za wazazi zinagombewa kabla hata mbuzi hajachinjwa. Mimi ndiye shangazi wa nyumba hiyo. Kwa mashangazi na wajomba wenzangu wanaoulizia zawadi ya likizo, jibu langu limekuwa hilohilo kila mwaka: achaneni na tableti. Tafuteni DS za zamani mbili tatu, zile mashine za gemu za Nintendo za kushika mkononi, na kadi moja ya Mario Kart DS, yaani kile kipande kidogo chenye gemu ambacho unakichomeka kwenye mashine.

Gemu hili la Nintendo lilitoka mwaka 2005, kwa hiyo limewazidi umri karibu wote wanaolicheza pale nyumbani. Ni mbio za vigari vidogo ambamo madereva wanarushiana vitu njiani. Lakini mimi sikulipendea mbio. Nililipendea hili: kadi moja inachezesha hadi watu wanane, kila mtu na mashine yake, bila intaneti wala bando, maana mashine zinawasiliana zenyewe zikiwa karibu. Mwenye kadi anaanzisha, wasio na kadi wanagusa DS Download Play kwenye menyu zao na kusubiri kidogo. Wageni hao hawachagui dereva. Wote wanakuwa Shy Guy, yule mwenye kinyago cheupe, na njia wanazoweza kukimbilia ni chache kuliko zilizomo kwenye kadi. Watoto wanalalamika, bila shaka. Dawa yake ni kuizungusha kadi. Kwetu, baada ya mbio nne, aliyeshika mkia ndiye anayekabidhiwa kadi, na hapo utashangaa jinsi mabingwa wanavyoanza kupunguza mwendo kwenye mbio ya mwisho.

Mtu akikuuzia kwa sifa kwamba utashindana na watu wa Ulaya mtandaoni, mpuuze. Ni kweli hii ndiyo Mario Kart ya kwanza kucheza kwa intaneti, ila Nintendo ilizima huduma hiyo tarehe 20 Mei 2014.

Sasa ununuzi, maana hapa ndipo hela zinapopotea. Mashine hizi ni mitumba zote, iwe umeikuta dukani au umeletewa na ndugu. Jambo la kwanza, chaja. Chaja ya Nintendo iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inapokea volti 120, na ukuta wetu una 230. Usiichomeke hata kwa kujaribu. Soma maandishi madogo mgongoni mwa chaja, na kama hayakuridhishi nunua waya wa USB wa mashine hiyo, uchomeke kwenye kichwa cha chaja ya simu. Angalia pia tundu: la DS ya kwanza na la matoleo yaliyoifuata, DS Lite na DSi, ni tofauti, ila chaja ya DSi inaingia kwenye 3DS, mashine iliyorithi DS.

Pili, vitufe vya juu, L na R. Kwenye DS Lite hivi ndivyo vinavyochoka mapema, pamoja na bawaba ya upande wa kulia, ambayo hupasuka. Bawaba iliyopasuka naweza kuivumilia. R iliyokufa siwezi, kwa sababu bila R hakuna kona, na bila kona hakuna Mario Kart. Bonyeza R mara nyingi ukiwa palepale dukani, usione haya kwa mangi.

Kadi zenyewe hazina ubaguzi wa nchi. Ya Ulaya au ya Marekani itacheza kwenye DS yoyote, na ya Japani pia, ila utasoma Kijapani. Maendeleo yote yanahifadhiwa ndani ya kadi, kwa hiyo mashine ikiharibika, vikombe vya watoto vinabaki.

Ukishainunua, usimpe mtoto na kumwacha ahangaike peke yake. Atakachofanya ni kubana kitufe cha kuongeza moto na kugonga kuta mpaka achukie gemu. Mfundishe kona kwanza, injini ikiwa 50cc, ile ya mwendo wa chini kabisa, kwenye njia iitwayo Figure-8 Circuit. Njia hiyo ni fupi na haina shimo la kudumbukia. Akifika kwenye kona abane R huku akielekeza gari upande wa kona: gari litaruka kidogo kisha litaanza kuserereka. Likiwa linaserereka, asiachie R. Kwenye kitufe cha kuelekeza gari, apeleke kidole upande wa pili na kurudi, haraka, mara mbili. Cheche za bluu zitatokea chini ya magurudumu, kisha zitageuka nyekundu. Zikiwa nyekundu aachie R, na gari litachomoka. Mtoto wa miaka saba analiweza hili kwa jioni moja. Watu wazima tunachelewa zaidi, kwa sababu tunapenda kuelewa kabla ya kubonyeza.

Wale wakubwa watagundua, au wataona YouTube, kwamba ujanja huo unafanyika hata kwenye barabara iliyonyooka: unaserereka kushoto, kulia, kushoto, unachomoka kila mara. Wachezaji wa nje waligombana sana juu yake, wengine wakiuita wizi, na Mario Kart ya mwaka 2008, ya Wii, mashine ya Nintendo ya kuunganisha kwenye TV, ikabadilisha namna ya kupata ule mchomoko. Mimi sioni wizi. Kidole kimefanya kazi, kilipwe. Ila nyumbani kuna sheria: ukicheza na mtu aliye chini ya darasa la tatu, huo ujanja unauweka mfukoni. Binamu akishindwa kwa mzunguko mzima mara tatu mfululizo, anaacha gemu na kuhamia kwenye simu yako.

Vitu vya kurusha navyo vinasaidia kusawazisha. Maboksi hayampi kila mtu sawa: aliye mbele anaokota zaidi maganda ya ndizi na magamba ya kobe ya kijani, aliye nyuma anapata nyota, radi, au Bullet Bill, lile kombora linalomchukua na kumpitisha wenzake. Gamba la bluu linamfuata anayeongoza. Mwambie mkubwa mapema kwamba hilo limepangwa hivyo, halafu mfundishe kujilinda. Akiokota ganda la ndizi asilitupe ovyo. Abane kitufe na kuliburuza nyuma ya gari, nalo litazuia gamba jekundu linalokuja kumgonga. Watoto waliokulia migombani wakiona ndizi ikitumika kama silaha wanacheka sana, na bibi ananuna.

Kwa wadogo kabisa wasioweza hata kufuata njia, kuna mapambano ya maputo. Hakuna mstari wa kumaliza, mnapasuliana maputo tu kwenye uwanja, na ukitaka kujaza puto jingine unapuliza kwenye maikrofoni ya mashine. Sebule nzima inapuliza. Halafu kuna sehemu ya kuchora nembo ya gari lako kwa kalamu ya skrini. Mpwa wangu mmoja alichora mlima, mwingine akachora kitu alichosema ni mbuzi, na walikaa kimya saa nzima. Ukitaka kulala mchana, waanzishie hapo.

Umeme ukikatika, mabanda ya PlayStation mjini yanafungwa, ila DS haijali. Nintendo ilitaja saa 15 hadi 19 kwa DS Lite ikiwa na mwanga wa chini kabisa. Betri za mitumba zimezeeka, usitegemee kiasi hicho, lakini jioni inapita.

Ukipata hela zaidi na kutaka kupanda daraja, nenda 3DS. Inakubali kadi hizihizi za DS, na ina Mario Kart 7 ya mwaka 2011, ambayo nayo inachezesha wanane kwa kadi moja. Switch, mashine ya Nintendo iliyokuja baadaye, ni nzuri, ila kwa bei ya moja utanunua DS za ukoo mzima. Tahadhari tu kwamba kwenye kadi za 3DS ubaguzi wa nchi upo: 3DS ya Japani haisomi Mario Kart 7 ya Ulaya wala ya Marekani. Mwambie muuzaji aiwashe, kadi ikiwa ndani, mpaka uone gari linatembea, ndipo utoe hela.