Mteja alisema "sawa", sasa hataki kibao

SWALI: Mzee, nachora vibao hapa Kadutu. Mwenye kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) nilimtumia mchoro kwa WhatsApp, akajibu "sawa". Bati limekauka, ndipo anaona QUINCAILLERIE imekosa L moja. Amekataa kulipa. Hasara ni ya nani? – Fundi, Bukavu

JIBU: Mdogo wangu, pole sana. Najua L haichomekwi katikati. Itabidi ufute LERIE yote na kuipanga upya. Kosa ni lenu wawili: wewe toa kazi yako bure, yeye alipe rangi. Mwendee kwa upole, bado ni mteja.

Lakini "sawa" ya simu usiitegemee tena. Kwenye kioo kidogo jicho linaruka herufi. Chora kwenye karatasi, mteja asome herufi moja moja kwa kidole, kisha asaini chini ya vipimo, rangi na bei. Marekebisho mawili bure, la tatu alipie. Bei iandike kwa dola. Akileta franka, mhesabu kwa kiwango cha siku hiyo. Na nusu ya pesa ipokee kabla hujakata bati, hata akiwa shemeji yako.