Upasuaji wa kinga baada ya kupona saratani: namna nilivyouchagua wakati wake

Mwanamke aliyepona saratani ya titi, kisha akaambiwa kwamba amerithi hitilafu ya jeni inayoweza kumletea saratani nyingine, hukabiliwa na maswali mawili ambayo kwa haraka huonekana kuwa moja. La kwanza ni iwapo akubali kutolewa viungo ambavyo bado ni vizima, yaani ovari (vifuko vya mayai ya uzazi) na mirija ya uzazi, au titi lililobaki. La pili ni akubali lini. Ndugu na majirani walizungumza nami kuhusu lile la kwanza peke yake, ilhali la pili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu upasuaji uleule unaweza kuwa wa busara katika umri fulani na ukawa hasara ukifanywa mapema kuliko unavyohitajika. Naandika kwa ajili ya dada zangu walio katika hali hiyo, nikieleza mambo niliyoyapima na sababu za kuyapa mengine uzito kuliko mengine.

Hali yangu ilikuwa hivi. Nilipata saratani ya titi la kushoto nikiwa na miaka 37, ya ile aina isiyo na vipokezi vya homoni wala vya HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za titi kukua), ikiwa katika hatua ya pili. Nilitolewa titi, nikapewa tibakemikali (dawa za kuua chembe za saratani), kisha nikamalizia na mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Aina hiyo ya saratani ni mojawapo ya sababu za kumshauri mwanamke apimwe jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu huongeza hatari ya saratani ya titi na ya ovari. Sababu yangu ya pili ilitoka upande wa baba. Shangazi yangu alifariki kabla ya kutimiza miaka 50, tumbo likiwa limejaa maji, na katika ukoo wetu kifo chake kilitajwa siku zote kuwa cha “uvimbe wa tumbo”. Hakuna aliyewahi kukihusisha na matiti ya mabinti wa kaka zake. Jeni hizi hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama, na mtoto wa mzazi mwenye hitilafu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Kwa hiyo unapoulizwa historia ya familia, usiishie kwa mama na mama wadogo, bali uwataje mashangazi pia, na uulize walikufa kwa nini. Damu yangu ilipelekwa nje ya nchi, na majibu yakaonyesha hitilafu katika BRCA1.

Kabla ya kuzungumzia tarehe yoyote, majibu hayo yanapaswa kueleweka vizuri, kwa kuwa huja kwa namna tatu: hitilafu ambayo madhara yake yanajulikana, kutokuwapo kwa hitilafu, na mabadiliko ambayo wataalamu bado hawajui kama yana madhara. Namna hii ya tatu hutokea zaidi kwa watu wa asili ya Afrika, kwa sababu kumbukumbu za jeni zinazotumiwa kulinganishia zimekusanywa zaidi kutoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Ikiwa hayo ndiyo majibu yako, nakusihi usikubali kufanyiwa upasuaji kwa sababu yake peke yake. Maabara hurekebisha tafsiri kadiri ushahidi unavyoongezeka, na mengi ya mabadiliko yanayotafsiriwa upya hutangazwa kuwa hayana madhara.

Vivyo hivyo kwa asiye na hitilafu kabisa. Mwenzangu mmoja niliyefahamiana naye tukisubiri mionzi alitaka titi lake la pili litolewe upesi iwezekanavyo, ingawa kipimo chake hakikuonyesha kitu. Daktari alimweleza kwamba kwa mwanamke kama yeye, kutoa titi la pili hakujaonyeshwa kurefusha maisha, kwa sababu hatari ya titi hilo ni ndogo, na kinachohatarisha uhai wake zaidi ni saratani ya kwanza kurudi katika mapafu, ini au mifupa. Niliielewa hofu yake, maana nilikuwa nayo. Naamini hofu ya namna hiyo inastahili kusikilizwa na kutibiwa kwa ushauri nasaha, lakini haifai kuachiwa kazi ya kupanga tarehe ya upasuaji.

Kwetu sisi wenye hitilafu hesabu ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusu karibu wanawake 10,000 wenye hitilafu hizi, wengi wao wakiwa wa Ulaya, ulikadiria kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye BRCA1, wapatao 44 watapata saratani ya ovari kabla ya kutimiza miaka 80, na kwa wenye BRCA2 wapatao 17. Kwa waliokwisha kuugua titi moja, uwezekano wa kuugua la pili ndani ya miaka 20 ulikadiriwa kuwa asilimia 40 kwa BRCA1 na asilimia 26 kwa BRCA2. Namba hizo zilinishtua mwanzoni, lakini kilichonisaidia kuamua ni kujua hatari hiyo hupanda lini. Kwa mwenye BRCA1, hatari ya ovari ni ndogo kabla ya miaka 40 na huongezeka sana baada ya hapo. Kwa mwenye BRCA2 huchelewa zaidi. Ndiyo maana miongozo ya Marekani hupendekeza ovari na mirija ya uzazi vitolewe kati ya miaka 35 na 40 kwa mwenye BRCA1 aliyemaliza kuzaa, na huruhusu kusubiri hadi kati ya miaka 40 na 45 kwa mwenye BRCA2. Mtu mwenye miaka 30 anayeambiwa afanye haraka ana haki ya kuuliza haraka hiyo inatoka wapi.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwangu kwamba titi na ovari haviwezi kupangiwa ratiba moja. Titi linaweza kuchunguzwa. Mwenye hitilafu hushauriwa kufanyiwa MRI (picha ya mwili kwa nguvu ya sumaku) na mamogramu (eksirei ya matiti) kila mwaka, na uvimbe unaweza kuonekana ukiwa bado mdogo na unatibika. Ovari zimejificha ndani ya nyonga, na mpaka sasa kipimo cha damu cha CA-125 pamoja na ultrasaundi ya kupitia ukeni havijathibitika kuokoa maisha. Nchini Uingereza, wanawake zaidi ya 200,000 wa kawaida walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba uchunguzi wa namna hiyo haukupunguza vifo. Aidha, nyingi ya saratani kali za ovari huanzia katika ncha za mirija ya uzazi, mahali ambapo hakuna picha inayoweza kuona chembe za mwanzo. Dalili zake nazo ni zile ambazo kwetu hutibiwa kama kitu kingine: tumbo kujaa, kushiba haraka, kukojoa mara kwa mara. Shangazi alikunywa dawa za vidonda vya tumbo hadi tumbo lilipojaa maji.

Wanawake wengi huanza na titi, na sishangai, kwa sababu ndiko maumivu yalikokuwa na ndiko macho hutazama kila asubuhi. Mimi niliamua kwamba kiungo ambacho hakuna kipimo kinachoweza kukilinda ndicho kitangulie, na kile kinachoweza kuchunguzwa kisubiri. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alibebe kwenda nalo kliniki, ni kuuliza swali hilo kwa kila kiungo peke yake: je, ugonjwa ukianza hapa, kuna njia ya kuuona mapema?

Jambo lililofuata lilikuwa hali ya saratani ya kwanza. Kwa aina yangu, kurudi kwa ugonjwa hutokea zaidi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, na baada ya miaka mitano uwezekano hupungua sana. Mwanamke ambaye ugonjwa wake ulikuwa umefika mbali anaweza kushauriwa asubiri kwanza, kwa sababu saratani ya kwanza ikirudi mahali pengine mwilini, kutolewa ovari hakutamponya, na atakuwa ameongezewa mzigo wakati anahitaji nguvu zote kwa matibabu. Ni mazungumzo magumu, na daktari anaweza kuyakwepa asipoulizwa. Mimi niliuliza waziwazi, nikajibiwa kwamba hatua niliyokuwa nayo haikutoa sababu ya kungoja mpaka miaka hiyo ipite. Ilibidi tu mwili upumzike baada ya matibabu, damu irudi katika viwango vyake na ngozi iliyochomwa na mionzi ipone. Anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi yenye vipokezi vya homoni, amweleze daktari wa upasuaji na wa dawa za usingizi, maana dawa hiyo huongeza uwezekano wa damu kuganda, na baadhi ya madaktari huisimamisha kwa muda kabla ya upasuaji.

Sasa nizungumzie kile ambacho naona hakielezwi vya kutosha. Kidonda cha upasuaji wa matundu madogo hupona katika wiki chache. Kinachobaki na mwanamke kwa miaka ni kukoma kwa hedhi ghafla. Katika ukomo wa kawaida homoni hupungua taratibu, lakini ovari zikitolewa hushuka katika siku chache, na mwili hauna nafasi ya kuzoea. Joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho la usiku, usingizi wa kukatika, ukavu ukeni, hamu ya tendo la ndoa kupungua, hasira zisizo na sababu: hayo yote niliyapata, na katika joto la Dar es Salaam la mwezi Februari ilikuwa vigumu kueleza ni lipi linatoka angani na ni lipi linatoka ndani yangu. Yasiyohisiwa ni makubwa zaidi, kwani mifupa hupungua uimara na hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka. Mwenye hitilafu ambaye hajawahi kuugua titi anaweza kupewa homoni mbadala hadi umri wa kawaida wa ukomo, lakini sisi tuliougua titi kwa kawaida hushauriwa tusizitumie. Kwa hiyo kila mwaka wa kukaa na ovari kabla ya hatari kupanda ni faida ya kweli kwa mwili, na ndiyo sababu sikuona busara ya kukimbilia upasuaji siku ile ile majibu yalipotoka.

Kabla ya upasuaji nilipima ujazo wa mifupa ili baadaye pawe na kipimo cha kulinganishia, nikaanza mazoezi ya kutembea na kubeba uzito, na nikazungumza na daktari kuhusu dawa zisizo na homoni za kupunguza joto la ghafla, kama venlafaksini na gabapentini. Anayetumia tamoksifeni asipewe paroksetini (dawa ya sonona) kwa ajili hiyo, kwa sababu huzuia tamoksifeni kufanya kazi inavyopaswa. Wale ambao saratani yao ilikuwa na vipokezi vya homoni huenda tayari wanachomwa sindano za goserelini zinazozimisha ovari kwa muda. Kwao sindano hizo ni nafasi ya kuujua ukomo wa hedhi kabla ya kuufanya wa kudumu, na kutolewa ovari kunaweza kuwa sehemu ya matibabu yao, jambo ambalo huweza kuifanya tarehe iwe mapema zaidi.

Kuhusu uzazi sikuwa na mgogoro mkubwa, kwa kuwa mimi na mume wangu tulikwisha kupata watoto tuliowatamani. Asiyezaa bado anapaswa kukutana na daktari wa uzazi mapema, ikiwezekana kabla ya tibakemikali, ili ajue kama anaweza kuhifadhi mayai. Kutoa mirija kwanza na kuziacha ovari kwa miaka michache bado kunachunguzwa katika majaribio ya kitabibu, na hakujathibitishwa kuwa mbadala kamili. Mama mkwe aliniuliza kwa upole, “Mwanangu, mbona unakata kizima?” Nilimweleza habari za shangazi, nikamwonyesha umri wangu na umri aliofia. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza ni nani atakayekaa na watoto nikiwa hospitali. Nilipanga upasuaji uangukie likizo ya shule kwa sababu ya swali lake hilo, na naamini sababu za namna hiyo, pamoja na ruhusa ya kazini na kibali cha bima kilichoandikwa, zina haki ya kusogeza tarehe kwa wiki au miezi, ilimradi zisiisogeze kwa miaka.

Siku ya upasuaji ikikaribia, fanya vipimo vya karibuni ili ijulikane kama ugonjwa haujaanza tayari, na mwombe daktari aandike katika fomu ya maabara kwamba una hitilafu ya BRCA, ili mirija na ovari vikatwe vipande vyembamba na kuchunguzwa vyote. Wapo wanawake wachache wanaokutwa na saratani ndogo katika viungo vilivyodhaniwa kuwa vizima. Usikubali kuambiwa kwamba kinyama, yaani sehemu ya mwili iliyotolewa, hakina haja ya kupimwa, wala usiondoke bila kujua nani atafuatilia majibu. Kumbuka pia kwamba upasuaji huu hupunguza hatari sana lakini hauimalizi, kwa kuwa saratani ya aina hiyohiyo inaweza kuanzia kwenye utando wa tumbo.

Titi la kulia bado ninalo. Kulitoa kungepunguza hatari yake kwa zaidi ya asilimia 90, nami sijalikataa wazo hilo. Nimekubaliana na daktari wangu kwamba nitaendelea na MRI ya kila mwaka, na kwamba nikivuka miaka ile ya mwanzo ambayo saratani yangu hupenda kurudi, tutalijadili tena kama jambo jipya, pamoja na suala la kutengenezewa matiti. Kama kabla ya hapo gharama ya MRI itanishinda, au picha moja ikionyesha haja ya kuchukuliwa kinyama cha kupimwa, mjadala huo utafanyika mapema. Masharti hayo yameandikwa kwenye faili langu, na mume wangu anayafahamu.