Kompyuta inalia memori ndogo na picha nimeshafuta zote

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi mama wa watoto wawili niko Tanga, nashona nguo hapa nyumbani, hesabu zangu naziweka kwenye kompyuta ya mezani tuliyonunua used mwaka juzi, Windows 10, RAM 4GB, diski 500GB. Sasa wiki ya tatu hii nikifungua tu Excel na brauza kwa pamoja linakuja onyo kwamba memori ni ndogo nihifadhi kazi nifunge programu, mara brauza inajizima yenyewe. Fundi wa mtaani akasema imejaa, futa vitu. Nimefuta picha za harusi ya mdogo wangu na video za watoto, kama GB 60 hivi, onyo liko palepale. Kijana wa jirani ambaye mwezi uliopita alikuja kuifanya iwe fasta ananiambia ninunue nyingine. Nimekutumia picha ya skrini aliyopiga mwanangu. Nisaidie jamani.

JIBU: Pole sana dada. Kwanza kabla ya yote kaangalie Recycle Bin, kama hujaimwaga kuna uwezekano picha za harusi bado zimo, ifungue, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha zenyewe chagua Restore zitarudi zilipokuwa. Hizo hazikuwa na kosa lolote.

Wewe ni fundi cherehani kwa hiyo hili utalielewa haraka kuliko wengi. Diski ni kabati la vitambaa, RAM ni meza ya kukatia. Ukitoa majora kabatini meza haiongezeki hata inchi moja. Ila huyo fundi hakukosea kabisa, maana meza ikijaa Windows huwa inachukua vile ambavyo huvishiki kwa sasa inavisogeza kwenye kona ya kabati, kwenye faili linaitwa pagefile.sys ambalo kawaida linakaa diski C, sasa C ikijaa kwelikweli hiyo kona haiwezi kupanuka na onyo linakuja. Ndiyo maana ushauri wa kufuta kuna siku unafanya kazi na siku nyingine haufanyi.

Kwako haujafanya kazi na sababu ipo kwenye picha ya mwanao, mpe hongera. Ni picha ya Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha nani anakula nini, sehemu ya Performance. Pale chini ya Memory, penye neno Committed, pameandikwa 3.7/3.9 GB. Namba ya pili ni jumla ya RAM pamoja na ile kona ya kabati. RAM yako ni 4GB, jumla 3.9, maana yake kona ni sifuri, kuna mtu kaizima! Na mimi namshuku kijana wa jirani, kuna video nyingi mtandaoni zinazofundisha kuizima eti kompyuta iwe nyepesi, mwenye RAM kubwa anaweza asione tofauti ila mwenye 4GB anaumia.

Kuirudisha: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, Enter. Nenda Advanced, bonyeza Settings ya Performance, humo tena Advanced, halafu Change kwenye Virtual memory. Weka tiki pale juu panaposema Automatically manage, OK zote, restart. Ukiangalia Committed tena namba ya pili itakuwa imepanda.

Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue hiyo Task Manager, kama dirisha ni dogo bonyeza More details, kisha kwenye Processes gusa neno Memory ili wala memori wakubwa wapande juu. Mara nyingi ni brauza, kila tabu unayoacha wazi inakula chake, na jina lenyewe tabu wala halijakosewa. Fungua tab ya Startup pia, uzime vinavyojiwasha wakati huvitumii.

Ila nisikudanganye, diski ni polepole sana kuliko RAM, kwa hiyo onyo litaisha lakini utasubirisubiri. Dawa yenyewe ni kufika 8GB. Hakikisha kwanza Windows yako ni 64-bit, maana ile ya 32-bit haivuki 4GB hata uongeze nini. Chomoa waya wa umeme, toa kijiti cha RAM kilichomo uende nacho dukani, maana RAM zina aina, DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, ule mkato wa katikati haulingani, usikubali mtu akilazimishe. Kununua kompyuta nyingine kwa tatizo hili, hapana. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025, hilo ni la kupanga, lakini sio la wiki hii.

SWALI: Mimi nikizima usiku nikawasha asubuhi memori bado imeliwa, nikirestart inapungua. Si ni kitu kilekile? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Hapana ndugu yangu. Windows 10 ikiwa na Fast Startup, ukizima inahifadhi kiini chake na madraiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya kompyuta) kwenye diski, asubuhi inaviamsha vilevile na uchafu wao. Restart inaanza upya kabisa. Kwa hiyo huenda kuna draiva inavuja hapo, yaani inachukua memori bila kuirudisha, anza kwa kusasisha ya kadi ya mtandao na ya video, na kwa sasa restart badala ya kuzima.