Nilivyobadilisha difu na giaboksi ya Chevelle ya 1970, na hela niliyopoteza kabla sijapiga hesabu

Tangu niweke video ya Chevelle kwenye status simu haitulii. Jamaa zangu wa hapa Houston wanauliza nimeweka giaboksi gani, wengine wako Dallas, kuna Mkenya mmoja yuko Minnesota ana Chevrolet Nova imelala gereji miaka miwili, wote swali ni lile lile. Badala ya kurudia voice note za dakika saba kila siku naandika hapa mara moja, na nitasema mpaka ujinga nilioufanya maana huo ndo una faida kuliko picha.

Gari yenyewe ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, injini 350 (inchi za ujazo) V8, yaani silinda nane, ilikuja na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu TH350 na difu ile ndogo ya bolti kumi kwenye mfuniko, yenye resho 2.73. Kwa asiyejua, 2.73 maana yake propela, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, izunguke mara 2.73 ndo tairi izunguke mara moja. Namba ikiwa ndogo gari inakuwa vivu kuondoka ila ikishashika lami inatulia, namba ikiwa kubwa inaruka kama mbuzi lakini injini inapiga kelele muda wote. Na tatizo la hizi gari za zamani za Kimarekani za V8, wenyewe wanaziita maseli kaa, ni kwamba gia ya tatu ndo mwisho wa safari. Ni 1.00, moja kwa moja, ukifika hapo hakuna pengine pa kwenda. Mlioendesha Mark II au Corolla za otomatiki Bongo mnakijua kile kitufe cha pembeni ya gia, ukikibonyeza kwa bahati mbaya kinawaka kitaa cha O/D OFF kwenye dashibodi na gari inaunguruma tu haitulii. Sasa Chevelle ya 1970 imezaliwa O/D OFF, na kitufe chenyewe haina.

Mimi nilianza na kiherehere. Nimesimama kwenye taa, V8 inanguruma, watu wanapiga picha, taa inawaka kijani halafu Camry ya mama mmoja anayepeleka watoto shule inaniacha. Nikaumia sana aisee. Nikaambiwa weka 3.73 nyuma utaona maajabu, nikatafuta difu ya bolti kumi na mbili nikaipata kwa jamaa aliyekuwa anavunja gari, ilikuwa na 3.31 ndani na ni ya posi, yaani tairi zote mbili za nyuma zinasukuma badala ya moja kuzunguka bure kwenye moshi.

Hapa kwenye difu nikae kidogo maana watu wanauziwa vimeo. Kuhesabu bolti kumi na mbili za mfuniko haitoshi, kuna ya bolti kumi na mbili ya pikapu na ndani siyo kitu kimoja na ya gari ndogo, hata kama kraunwili, ile gia kubwa ya ndani, zote zina inchi 8.875. Mfuniko wa gari ndogo umekaa kama yai kidogo, wa pikapu ni wa duara zaidi, kwa hiyo kabla hujatoa hela angalia picha za zote mbili mpaka zikukae kichwani. Kujua kama ni posi nyanyua tairi zote mbili za nyuma, gia iwe nyutro, zungusha moja kwa mkono, nyingine ikizunguka upande ule ule ni posi, ikizunguka kinyume ni ya kawaida hata muuzaji aape kwa msikiti au kanisa. Na keria, lile bakuli linaloshika kraunwili, kwenye bolti kumi na mbili ya gari ndogo kama langu linachukua resho za 3.07 mpaka 3.73, ukitaka 4.10 ya meno ya kawaida unanunua keria nyingine. Mimi nilikuwa nahama toka 3.31 kwenda 3.73 kwa hiyo hapo nilipona, ila siwezi kusema nilijua, ilikuwa bahati tu.

Kilichoniponza ni ufungaji. Gereji niliyoipelekea ilinifungia meno mapya, yaani kraunwili na pinioni, gia ndogo inayoisukuma, nikachukua gari, kufika maili 50 kwa saa difu inaimba wiiiii kama bajaji inapanda mlima. Narudi naambiwa itazoea yenyewe. Haizoei ndugu yangu. Difu mpya inayolia siku ya kwanza imefungwa vibaya, kadiri unavyoendesha ndo meno yanazidi kulika. Gereji ya pili wakafungua mbele yangu, wakapaka ile rangi ya njano kwenye meno wakazungusha, alama ya mguso ikaonekana imekaa ukingoni kabisa badala ya katikati ya jino, wakapima na uchezaji wa kraunwili ukawa mkubwa wakati unatakiwa uwe kati ya 0.006 na 0.010 ya inchi. Wakapanga upya shimu, vile vibati vyembamba vya chini ya pinioni na pembeni ya keria, kelele ikaisha. Nililipa ufundi mara mbili kwa kazi moja. Sa hivi mtu akinifungia difu naomba picha ya ile rangi kwenye meno kabla mfuniko haujarudi, na fundi anayejua kazi yake hakasiriki ukimwomba hivyo.

Ukishafungiwa meno mapya usiende kuchoma tairi siku hiyo hiyo. Endesha taratibu maili 15 au 20, paki ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, ikifika maili 500 mwaga oili weka nyingine. Na difu ya posi ya klachi lazima uongeze ile dawa yake ndogo kwenye oili, bila hiyo ukikata kona kwenye parking inagonga na kutetemeka mpaka unadhani imevunjika.

Basi 3.73 ikakaa. Mjini raha tupu, Camry nikawa naziacha. Halafu ikaja safari ya Dallas, harusi, maili 240 hivi kwa I-45. Bwana weee. Kwa maili 70 injini inazunguka karibu mara 3,400 kwa dakika, kwa 75 inapita 3,600, saa nne mfululizo, redio huisikii, simu huisikii, mafuta unayaona yanashuka kwa macho, na mama watoto alivaa earphone toka Huntsville mpaka tunafika. Kurudi akapanda gari la shemeji yake, mimi nikarudi peke yangu na kelele zangu.

Ndo hapo nikakaa chini nikapiga hesabu ambayo ilitakiwa niipige mwanzo kabla sijanunua hata nati. Hesabu yenyewe ni hii: chukua maili kwa saa, zidisha na resho ya difu, zidisha na resho ya gia uliyopo, zidisha na 336, gawanya kwa kimo cha tairi kwa inchi. Tairi zangu ni 235/60R15 ambazo kimo ni inchi 26 hivi. Kwa 70, na 2.73 ya zamani ilikuwa kama 2,470, na 3.73 ni kama 3,370. Sasa ukiweka giaboksi yenye ovadraivu (ndo ile O/D, gia ya juu inayopunguza mzunguko wa injini) ya 0.67, na 3.73 hiyo hiyo, inashuka mpaka 2,260 hivi. Yaani barabarani inatulia kuliko ilivyotoka kiwandani na mjini bado inaruka. Lakini angalia na upande wa pili, kama ningeanza na giaboksi nikabaki na 2.73 nyuma, kwa 70 injini ingezunguka 1,650 tu, na V8 yenye kamshafti (shafti inayofungua vali) ya kuchangamka kidogo haipendi kubebeshwa mzigo kwenye mzunguko mdogo hivyo, inakohoa na kulalamika kila ukigusa mafuta. Kwa hiyo difu na giaboksi zinachaguliwa siku moja kwenye karatasi moja, hata kama hela unazo za kununua kimoja kwanza.

Kwenye otomatiki za GM, kampuni yenye Chevrolet, zenye gia nne zisizohitaji kompyuta watu wanabishania mbili. Kuna 700R4 ya kuanzia 1982, gia ya kwanza 3.06 na ovadraivu 0.70, na kuna 200-4R ya kuanzia 1981, ya kwanza 2.74 na ovadraivu 0.67, hii ya pili ndo ilikuwa kwenye Buick Grand National kwa hiyo msidanganywe kwamba ni laini, inategemea imejengwa na nani. Nilichukua 200-4R kwa sababu moja ya kivivu kabisa, urefu wake unalingana na TH350 ya mkia mfupi, propela yako inabaki ile ile, wakati 700R4 ni ndefu kwa inchi kama 3 na propela lazima ikakatwe. Pia kwenye 700R4 kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, 3.06 mpaka 1.63, kuna shimo kubwa unalisikia, na ukiwa na 3.73 nyuma gia ya kwanza inaisha kabla hujavuka makutano. Ila kama difu yako ni 3.08 na hutaki kuigusa, chukua 700R4, hiyo gia ya kwanza itakusaidia.

Wa manyuali najua mtauliza, Tremec TKX ya gia tano ndo watu wengi wanaweka sasa. Sijafunga mwenyewe, nilimsaidia jamaa tu, na ninachokumbuka ni siku nzima tuliyomaliza tunapima kama nyumba ya klachi imekaa katikati ya kranki, isizidi 0.005 ya inchi. Wengi wanaruka hicho kipimo halafu wanalaumu giaboksi kwamba gia ngumu.

Sasa msiba. 200-4R ina kebo inaitwa TV, haihusiani na televisheni, inatoka kwenye kabureta inashuka kwenye giaboksi na kazi yake ni kuiambia umekanyaga mafuta kiasi gani ili ipandishe presha ya oili inayobana klachi za ndani. Watu wanadhani ni kebo ya kubadilishia gia tu, kwamba ikilegea gia zitawahi kuingia basi. Kabureta yangu ni Edelbrock, na mkono wake hauvuti hiyo kebo kwa pembe inayotakiwa, kuna kibati cha kurekebisha unanunua, bei yake haifiki hata mlo wa watu wawili. Mimi nikaona isiwe tabu nikachonga kibati changu kwa kipande cha chuma. Gari ikatoka, gia zinaingia laiiini, huzisikii kabisa, nikawa namsifia aliyeijenga giaboksi. Kumbe ule ulaini ndo klachi zinateleza. Maili kama 40 tu, niko kwenye foleni, nikasikia harufu ya mkate ulioungua, nikavuta kijiti cha oili nikafuta kwenye tishu nyeupe, oili iliyoingia nyekundu kama juisi ya rozela imetoka kahawia na vumbi jeusi ndani. Giaboksi ikarudi kwa fundi, dola 900 nyingine. Kwa hiyo kama umefunga hizi giaboksi na gia zinaingia laini sana na mapema, usifurahi, paki gari angalia kebo. Mtu akanyage mafuta mpaka mwisho injini ikiwa imezimwa, kebo nayo iwe imevutika mpaka mwisho, na ufunge geji ya presha kabla hujatoka nje ya geti.

Konveta, lile bakuli la oili linalounganisha injini na giaboksi ya otomatiki, nayo ina yake. Unapoiingiza kwenye giaboksi inashuka ngazi tatu, kla, kla, kla, ukisikia mbili ukafunga bolti za injini unavunja pampu. Ikikaa sawa, giaboksi ikishabanwa kwenye injini, konveta inabaki na nafasi kama robo inchi kasoro kabla ya flaiwili, unaivuta mbele kwa mkono ndo unafunga. Na weka kipoza oili cha pembeni, joto la Houston mwezi wa nane siyo la kutegemea rejeta peke yake.

Kingine ni kwamba mkia wa 200-4R unashikwa nyuma zaidi kuliko TH350, boriti ya chini inasogezwa nyuma na mimi ilibidi nitoboe matundu mapya kwenye fremu. Nilipofunga mkia ukashuka zaidi ya zamani bila mimi kugundua, na kuanzia maili 65 gari ikaanza kutetemeka. Nikabalansi tairi mara mbili, wapi. Nikamtumia voice note mjomba wangu Dar, amekaa mtaa wa Gerezani akishughulika na malori miaka yote toka sijazaliwa, akanijibu, "We mpwa, ikifika hapo itupe nyutro iteleze kidogo, ikiendelea kutetemeka injini itoe kwenye kesi. Halafu sikiliza, ikitikisa usukani ni tairi, ikivuma chini ya makalio kama nyuki kwenye mzinga hiyo ni propela." Ilikuwa nyuki. Na ukifikiria ni kweli tu, na 3.73 propela inazunguka karibu mara nne ya tairi, lazima ivume haraka.

Nikapima pembe kwa kipimo cha dijitali. Giaboksi ikiwa imeinama nyuma digrii 3, pinioni inatakiwa iangalie juu karibu hizo hizo 3, upunguze 1 au 2 kwa kuwa ukikanyaga mafuta pinioni inanyanyua pua. Yangu mkia ulikuwa umeinama 6. Chevelle bahati nzuri ina mikono ya nyuma ya juu, unaweza kuweka ile ya kurekebisha urefu, ila mimi nilianza na shimu za chuma chini ya mpira wa giaboksi, nikanyanyua mkia, nikabadilisha krosi, vile viungo vya ncha za propela, zote mbili maana zilishaanza kushika, nyuki wakahama. Gharama haikufika dola 60 baada ya kuzunguka wiki tatu.

Oh, na spidomita itadanganya ukibadilisha difu, kuna kigia kidogo cha plastiki pembeni ya mkia wa giaboksi unabadilisha. Breki za mbele bado ni drum za kiwandani, hilo najua, msiniandikie, ndo zinazofuata.

Mwezi uliopita tumeenda tena Dallas. Sindano imekaa 2,300 njia nzima, redio inasikika, mama watoto hakuvaa earphone. Tulipofika Corsicana akaanza kutafuta swichi ya AC, na hii gari haijawahi kuwa na AC.