Ukitaka kuwinda karibuu kwa mara ya kwanza, mtafute mwongozaji kabla ya pembe

Tangu niweke picha ya dume la karibuu, mnyama mwenye pembe wa nchi za baridi, nililowinda Newfoundland, kisiwa cha mashariki mwa Kanada, ujumbe ninaopata ni wa namna moja. Wa juzi umetoka kwa kijana wa Likoni anayeishi Edmonton: “Shikamoo kaka. Nami nataka. Nianzie wapi, na kampuni ipi ya uwindaji haitanila hela? Na nyama itakuwa halali?” Marahaba. Nakujibu hapa ili na wengine wafaidike, maana najua wengi wenu mna hamu hiyo hiyo ila mnadhani haya ni mambo ya watu wengine. Baba yangu mdogo alifuatilia nyayo miaka mingi kwenye vitalu vya uwindaji vya Rungwa, akiwabebea bunduki wageni wa kila taifa. Safari hii bunduki ilikuwa yangu, na aliyetangulia mbele kusoma nyayo alikuwa Mzungu wa kisiwani. Nilimpigia simu baba mdogo usiku ule ule. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama nilipiga nyuma ya bega. Nilipiga nyuma ya bega.

Anza na kundi la wanyama, kampuni baadaye. Karibuu, ambaye ni spishi moja na reni wanaofugwa kaskazini mwa Norwei, huongezeka na kupungua kwa kasi ya kutisha. Kundi la Mto George, kati ya Quebec na Labrador huko huko Kanada, lilikuwa na wanyama wapatao 800,000 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2018 walikuwa chini ya 10,000. Labrador ilifunga uwindaji mwaka 2013, na Quebec ikafunga uwindaji wa michezo tarehe 1 Februari 2018. Sasa mtu akikuletea picha nzuri za Quebec na bei ya kuvutia, unajua la kumjibu. Hata Newfoundland idadi imeshuka sana kutoka zaidi ya 90,000 za katikati ya miaka ya 1990, ndiyo maana vibali ni vichache na hugawanywa kwa maeneo. Muulize mwenye kampuni eneo lake ni lipi na kibali chako kimeshatengwa au bado. Akianza kuzunguka, basi hana.

Kisha sheria. Kule Newfoundland, asiye mkaazi wa jimbo hupata kibali cha wanyama wakubwa kupitia kampuni yenye leseni, na haingii porini bila mwongozaji. Alaska nako, asiye raia wala mkaazi wa Marekani hawindi karibuu bila mwongozaji mwenye leseni. Yule anayekusafirisha tu kwa ndege ndogo na kukushusha hakutoshi, hata kama bei yake ni nusu. Kuna swali zuri la kumpima mtu wa Alaska: nikishuka kwenye ndege mchana, naweza kupiga jioni hiyo? Sheria inataka usubiri mpaka saa tisa usiku wa kuamkia siku ya pili. Akikuambia hakuna shida, kata simu.

Nami nimekata simu, au tuseme nilikatiwa. Kampuni ya kwanza niliyoipigia, sauti ilibadilika mara tu niliposema jina langu. Maswali yangu yakajibiwa kwa swali moja: una hela? Nilipoomba namba za wateja wa zamani, nikaambiwa nitume arbuni kwanza. Nilikuwa nayo hela hiyo, nimeiweka akiba kwa zamu za usiku. Sikutuma. Hadi leo nikiona tangazo lao moyo unapanda, na sioni haya kusema hivyo. Ndugu zangu, pesa yako ni sawa na ya mtu yeyote. Usiombe kupokewa. Wewe ndiye unayechagua.

Kampuni niliyokwenda nayo ilinikutanisha kwa simu na mwongozaji mwenyewe kabla sijalipa chochote. Hilo ndilo ninalosisitiza kuliko yote. Mwenye kampuni anauza. Mwongozaji ndiye utakayekaa naye kwenye mvua kutwa nzima. Wangu alinieleza vinamasi vya kwao, akaniambia gambuti ni muhimu kuliko bunduki ya bei kubwa, na akaniuliza magoti yangu yakoje. Alikuwa sahihi kwa yote. Siku za katikati zilikuwa ukungu na chai, sitazisimulia. Lakini asubuhi ukungu ulipoinuka, kundi lilikuwa ng’ambo ya bwawa, na mimi nikaona pembe kila mahali. Majike nao huweza kuwa na pembe. Yeye alitazama kwa darubini bila haraka, akaninong’oneza yupi dume na yupi si wa kuguswa, akanizuia mpaka dume likageuka ubavu. Pembe kubwa za kwenye tovuti hazitakufanyia kazi hiyo.

Omba namba za waliorudi mikono mitupu, siyo za walioshangilia tu. Uliza mwongozaji mmoja anachukua wawindaji wangapi. Peke yako ni ghali, wawili ni nafuu ila mtapeana zamu. Uliza kilichoachwa nje ya bei: kodi ya 15% ya Newfoundland, ndege, kukata na kugandisha nyama, bakshishi ya mwongozaji na mpishi. Masharti ya arbuni yawe kwenye maandishi, hasa kampuni ikiahirisha yenyewe. Na uliza tarehe. Oktoba madume huwa kwenye joto la kupandana, huonekana kwa urahisi lakini nyama yake huweza kunuka. Mimi nilitaka nyama, nikaenda Septemba.

Umeniuliza pia kuhusu halali, na swali hili lipeleke kwa kampuni mapema. Unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Ukimfikia mnyama angali hai, unamchinja hapo hapo. Kwa hiyo mwongozaji akubali tangu mwanzo kwamba wewe ndiye utakayemfikia wa kwanza, na kisu kiwe kiunoni mwako, siyo kwenye begi kambini. Wangu alisema “hamna neno” na akanisaidia kukinoa usiku. Yupo mwingine aliyeniambia hayo ni usumbufu. Huyo usimpe hata shilingi.